Barua kwa mwanangu: Dong Yi alipanda kwa akili au kwa mfalme?

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma, nikampa na mama yako ausome. Umeuliza: "Baba, hivi yule Dong Yi alipanda kwa akili yake, au alipanda kwa sababu mfalme alimpenda?" Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukagusia kwamba tangu upewe ukuu wa kitengo wapo wenzako wanaosema umebebwa na bosi. Nimekuelewa. Swali la kwanza umelitanguliza ili limsindikize mwenzake. Nitajibu yote mawili, ila naanza na la Korea, maana hilo nina mengi ya kusema na humu ndani hakuna tena anayetaka kunisikiliza.

Wewe uliiona nusunusu ulipokuwa likizo, kwa hiyo nikukumbushe. Tamthilia yenyewe ilirushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini mwaka 2010, sehemu 60, mwongozaji Lee Byung-hoon, na Dong Yi akaigizwa na Han Hyo-joo. Ni binti wa tabaka la chini kabisa. Baba na kaka yake wanauawa kwa kusingiziwa, naye anaishia ikulu, mtumwa wa idara ya muziki. Tatizo lake ni moja: hawezi kuona jambo limekaa upande akalipita. Mfalme Sukjong anakutana naye akiwa amejifanya ofisa wa jiji, na hapo ndipo penye kile kipande nilichokirudisha nyuma mpaka mama yako akaninyang'anya rimoti. Dong Yi anataka kuvuka ukuta, kimo hakitoshi, basi anamwambia yule "ofisa" ainame, anamkanyaga mgongoni, anapanda. Ungeona uso wa Ji Jin-hee, aliyeigiza mfalme! Mtu ambaye tangu azaliwe watu wote wameinama mbele yake, leo ameinama yeye.

Watunzi wamekujibu pale pale. Alimpanda mfalme mgongoni bila kujua kuwa ni mfalme, ndiyo kusema akili ilitangulia na mapenzi yakafuata. Baada ya hapo anaingizwa Gamchalbu, ofisi ya wanawake wanaokagua mienendo ya wanawake wenzao wa ikulu. Wakubwa wa pale hawamtaki kwa sababu ya asili yake, naye anawanyamazisha kwa kazi. Mimi niliyezeekea masjala nilizifaidi sehemu hizo kuliko za mapenzi: madafta, mihuri, na zile nyaraka za siri za mpakani ambazo kaka wa Jang Hui-bin, suria mpinzani wa Dong Yi, anataka kuwapa wajumbe wa China. Shujaa anayemkamata mwovu kwa kusoma karatasi! Nani mwingine ametutengenezea sisi makarani kitu kama hicho?

Sasa weka tamthilia pembeni, tufungue faili.

Mwanamke huyo aliishi kweli. Alizaliwa 1670 katika ukoo wa Choe, akafariki 1718, na cheo chake cha mwisho kilikuwa Suk-bin. Jina la Dong Yi wamempa watunzi. Kazi aliyoanza nayo ina masimulizi mawili. Wengi husema alikuwa musuri, yaani mtu wa kuchota maji na kazi ngumu za chini. Wengine humweka kwenye chumba cha washonaji, na hapo husimuliwa kwamba mwanawe alipokuwa mkubwa alimuuliza ni kazi gani iliyomtesa zaidi, naye akasema ni kushona nubi, nguo ya tabaka mbili yenye pamba katikati, inayopigwa mishono midogo midogo mistari kwa mistari kwa sindano ya mkono. Tangu siku hiyo, wanasema, mwanawe hakuvaa tena nubi. Mama yako, mwenye cherehani yake na vidole vyake vilivyotobolewa, aliposikia habari hiyo alinyamaza kidogo kisha akasema huyo mtoto alilelewa.

Lakini kwa swali lako, kitu cha kutazama ni ngazi yenyewe. Sheria kuu ya ufalme wa Joseon, ndiyo Korea ya zamani, iliyokamilika 1485, iliwapanga wanawake wa ikulu kwa madaraja. Malkia yuko juu ya ngazi, hahesabiwi. Daraja la 1 mpaka la 4 ni masuria wa mfalme. La 5 mpaka la 9 ni wafanyakazi. Binti aliingizwa ikulu akiwa mtoto mdogo, akafundishwa, akatumika miaka na miaka bila kuolewa, na mwisho wa safari, akijaliwa, akawa sanggung wa daraja la 5. Hapo ngazi ya kazi imekoma. Uwe hodari namna gani, ujue kusoma namna gani, hakuna barua ya kukutoa la 5 kukupeleka la 4 isipokuwa kitanda cha mfalme. Musuri naye hakuwamo hata kwenye hayo madaraja tisa.

Ukishajua hivyo ndipo usome tarehe za Suk-bin Choe. Mwaka 1693 anapewa daraja la 4. Mwaka 1694 la 2. Mwaka 1695 la 1 dogo. Mwaka 1699 anakuwa bin, kilele cha masuria wote. Faili la namna hiyo lingepita mezani kwangu ningevua miwani nikaifuta. Sasa weka pembeni tarehe za uzazi: mtoto wa kwanza 1693, wa pili 1694, wa tatu 1698. Karibu kila cheo kina mimba au mtoto nyuma yake. Wa kwanza na wa tatu walikufa wachanga, na tamthilia hailii sana juu ya hilo. Wa pili ndiye aliyekuja kuwa mfalme Yeongjo.

Na yule mbaya wetu, Jang Hui-bin? Faili lake ni hilohilo. Binti wa ukoo wa wakalimani, si mtumwa lakini si mtu wa kuolewa na mfalme pia. Mama yake mfalme alimfukuza ikulu, akarudi mama huyo alipokwisha kufa. Mwaka 1688 akazaa mtoto wa kiume, na mfalme hakuwa na mrithi mwingine. Mwaka uliofuata Sukjong akamtangaza kichanga huyo mrithi, akamvua Malkia Inhyeon taji na kumrudisha kwao, na mwaka 1690 Jang akawa malkia. Mzee Song Si-yeol, mwanachuoni wa zaidi ya miaka 80, alipopinga haraka hiyo aliletewa sumu anywe. Miaka minne baadaye mfalme akageuka tena: Inhyeon akarudishwa, Jang akashushwa. Kila alipopanda mwanamke, kundi moja la wakubwa lilipanda naye na lingine likaenda uhamishoni au kaburini. Kundi la Namin lilikuwa nyuma ya Jang, la Seoin nyuma ya Inhyeon. Watu husema wanawake wale waliivuruga ikulu. Mimi nikihesabu hizo barua zote za kupandisha na kushusha naona sahihi ya mtu mmoja.

Mama yako anamtetea Jang mpaka kesho. Anasema alifanya alichofanya kila mtu mle, ila yeye alishindwa, na aliyeshindwa ndiye hupakwa rangi. Simkubalii yote. Lakini kuna jambo moja linanifanya nishindwe kumjibu, na tamthilia imelipitia mbali kwa makusudi.

Kumbukumbu rasmi za utawala wa Sukjong zimeandikwa siku kwa siku, ni bahari, na humo Suk-bin Choe karibu hasikiki. Anatajwa akipewa cheo, anatajwa akizaa. Kisha mwaka 1701 Malkia Inhyeon anafariki baada ya kuugua muda mrefu, na inagunduliwa kwamba Jang alikuwa na mahali pa siri pa kumfanyia uganga afe. Nani alimwambia mfalme? Kumbukumbu zinasema Suk-bin Choe, kwa kukumbuka wema aliotendewa na malkia, alishindwa kuvumilia uchungu akamwambia mfalme kwa siri. Sentensi hiyo moja. Baada ya hapo Jang akaamriwa afe, na mfalme akapiga marufuku suria yeyote kufanywa malkia tena.

Kwenye tamthilia Dong Yi anamhurumia Jang mpaka dakika ya mwisho, hataki kumwangusha. Kwenye kumbukumbu, mara hiyo adimu anaposikika, anachongea. Je, ni uaminifu kwa marehemu? Ni ujasiri? Ni hesabu ya mama mwenye mtoto wa miaka saba anayeona adui yake ndiye mama wa mrithi? Mwandishi wa kumbukumbu amechagua uaminifu. Mimi naona vyote vitatu vinaweza kukaa kwenye mnong'ono mmoja, na sioni akili iliyo kubwa kuliko ile ya kujua ni saa ngapi ya kufungua mdomo. Kama ni akili unayotafuta, itafute hapo. Ila ona pia malipo yake: ile marufuku ilimfungia mlango hata yeye. Baadaye alihamia nje ya ikulu, akafa akiwa na cheo kile kile cha 1699.

Kuna mwanamke mwingine nataka umlinganishe naye, Jang Geum, yule wa tamthilia ya 2003 ya mwongozaji huyuhuyu. Naye aliishi kweli, zaidi ya miaka 100 kabla, tabibu wa kike chini ya Mfalme Jungjong. Huyo ndiye alipanda kwa kazi tupu. Mfalme alipougua mwaka 1544, mwaka wake wa mwisho, alisema hali ya ugonjwa wake anaijua yule tabibu wa kike. Wapo matabibu wanaume waliosoma na wenye vyeo, na mgonjwa anamtaja yeye! Na alilipwa nini? Kumbukumbu zinataja mchele, soya na nguo. Madaraja manne ya juu hayakuwa ya watu wa namna yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba mwenye kuuliza "akili au mfalme" anauliza kana kwamba milango ilikuwa miwili. Ikulu ile iliwekewa mlango mmoja, na mlinzi wake alikuwa mwanamume mmoja mwenye kalamu. Akili ya Suk-bin Choe tunaiona kwa kile alichoponea: Inhyeon amevuliwa taji, Jang ameuawa, yeye amefia kitandani na mwanawe yuko hai.

Huyo mwanawe alitawala kuanzia 1724 hadi 1776, muda mrefu kuliko mfalme yeyote wa Joseon, na habari ya mama aliyetoka chini ilimuuma maisha yake yote. Mwaka 1750 alipunguza nusu kodi ya nguo waliyotozwa wanaume wa kawaida badala ya jeshi, kutoka jora mbili hadi moja. Siwezi kukuapia kwamba alikuwa anamfikiria mama yake alipoweka muhuri, ila napenda kuamini hivyo. Mwaka 1753 aliipandisha hadhi nyumba ya ibada ya mama yake, ikaitwa Yuksanggung. Bado ipo Seoul, jirani na Cheong Wa Dae, lile jengo maarufu la marais wa Korea Kusini, ndani ya ua uitwao Chilgung ambamo wanakumbukwa pamoja masuria saba waliozaa wafalme au wana waliopewa ufalme wa heshima tu. Na ndani ya ua huohuo ipo ya Jang Hui-bin. Mama yako nilipomwambia hilo alicheka sana.

Sasa ofisini kwako.

Wewe ulikaimu nafasi ile kabla ya kuthibitishwa. Ulijaza fomu, ukaitwa kwenye usaili, walikaa watu mezani na mmoja wao aliandika muhtasari. Barua yako ina kumbukumbu namba. Hayo yote Suk-bin Choe hakuwa nayo hata akitaka. Kwa hiyo kwanza, chukua nakala ya kila karatasi, weka nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Pili, usiende kwa bosi kumwomba akutetee hadharani, utakuwa umewapa wanong'onaji picha waliyokuwa wanaitafuta. Tatu, yule anayesema zaidi ya wenzake mpe kazi yenye tarehe na umwandikie, asome jina lako chini ya barua. Atazoea.

Usinijie na hoja kwamba inabidi ufanye kazi mara mbili ili waamini. Utachoka, na hawataamini.

Jambo moja sijalielewa kwenye ujumbe wako, na ningependa unijibu. Yule kijana aliyekikalia kiti hicho kabla yako, aliyekuwa akipanda gari la bosi kila Ijumaa kwenda kuangalia mpira: naye mlisema amebebwa?

Mama yako anakusalimu na anaomba ukija uje na bobini za cherehani, zile ndogo, na flashi nyingine.

Ni mimi baba yako.