Weka reki chini: usiuache udongo uchi mvua zikikaribia

Usifyeke. Usiyachome majani hayo. Na mbolea uliyokwisha kuinunua, iache ndani ya mfuko wake mahali pakavu mpaka umalize kusoma maelezo haya, kwa sababu mpango ulioueleza ndio ule ule nilioufuata mimi miaka sita iliyopita, na sitakaa kimya nikimwona mtu mwingine akiuingia kwa moyo mweupe kama nilivyouingia.

Umeuliza mambo mawili: jinsi ya kuandaa ua wa nyumba yako ulio kwenye mteremko kabla ya mvua, na wakati wa kutia mbolea. Kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mwishoni mwa wiki hii utaondoa nyasi na magugu yote, utakusanya majani makavu na kuyatia moto, utalima juu juu, halafu utamwaga mbolea «ili mvua iishushe mizizini». Hapo ndipo niliposimama, kwa kuwa sentensi hiyo ya mwisho niliwahi kuambiwa neno kwa neno.

Ua wangu una ukubwa wa mita za mraba 300 hivi, nao unateremka kutoka nyuma ya nyumba hadi mtaro wa barabarani. Mteremko wenyewe ni wa upole, kiasi kwamba mpira ukiwekwa chini huchukua muda kabla ya kuanza kubingirika, na ndiyo maana sikuwahi kuufikiria kuwa mteremko. Kwa miaka mingi ulikuwa na nyasi za kawaida, magugu ya hapa na pale, na zulia la majani yaliyodondoka kutoka kwenye mti mkubwa wa kivuli uliokuwepo hata kabla ya nyumba kujengwa. Kiangazi kilipokuwa kinamalizika nilimwita mtu anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa bustani. Alizunguka ua mara moja, akanionyesha picha za nyua nyingine zilizopigwa reki mpaka zikang'aa, akasema ua wangu umechoka na unahitaji kuanza upya. Kazi ilichukua siku tatu. Nyasi ziling'olewa na mizizi yake, majani yakachomwa katika lundo lililofuka moshi mpaka usiku wa manane, ardhi ikalimwa kina cha kiganja, kisha ikamwagwa mifuko miwili ya mbolea ya chumvichumvi, kila mmoja kilo 50, iliyoandikwa 17-17-17.

Namba hizo, kwa wasiozijua, ni asilimia za uzito wa naitrojeni, fosfati na potashi. Maana yake ni kwamba katika ua huo mdogo zilimwagwa kilo 17 za kila kimoja, kiasi ambacho hata shamba la mazao lenye eneo hilo lisingekihitaji. Aliyeniuzia mbolea ndiye huyo huyo aliyeniambia ni kiasi gani kinahitajika. Ningelitafakari jambo hilo moja tu, mengine yote yasingetokea.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa nne. Kopo lenye pande zilizonyooka nililoliacha nje lilikuwa na maji ya kina cha sentimita 4 asubuhi. Hesabu yake ni rahisi na ninakusihi uifanye kwa ua wako: kila milimita ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo milimita 40 juu ya mita za mraba 300 ni lita 12,000, mbali na yale yaliyotiririka kutoka kwenye paa. Lita hizo zote zilikuta udongo uliolimwa, uliolegea, usio na jani hata moja la kuukinga.

Nilipotoka asubuhi niliinama kwenye kona moja na kuona kitu ambacho mpaka leo sijakisahau. Kila kijiwe kilikuwa kimesimama juu ya kinguzo chake cha udongo, chenye kimo cha ukucha wa kidole. Mwanzoni sikuelewa, nikadhani wadudu wamejenga. Kumbe kijiwe ndicho kilichokuwa mwavuli: udongo uliokuwa chini yake ulibaki, na udongo wote uliokuwa kandokando ulikuwa umeondoka. Ukuta wa nyumba ulikuwa na madoadoa ya tope yaliyofika karibu na goti. Tone kubwa la mvua hutua kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde, na linapopiga udongo mtupu huurusha pande zote, lakini kwenye mteremko chembe nyingi huangukia upande wa chini kuliko wa juu. Zile chembe laini hurudi na kuziba vijitundu vya ardhi. Jua linapotoka hukauka na kuwa gamba gumu, ambalo mvua inayofuata haiwezi kulipenya. Kwa hiyo ile hoja kwamba ardhi ikilimwa itanywa maji vizuri zaidi ilikuwa na ukweli kwa saa chache za kwanza, na baada ya hapo ua wangu ulimwaga maji kama sakafu ya saruji.

Mbolea nayo haikwenda mizizini, kwa kuwa mizizi yenyewe ilikuwa imekwisha kung'olewa na kuchomwa. Naitrojeni ikiwa katika umbo la nitreti huyeyuka na kusafiri na maji popote yanapokwenda. Fosforasi, ile iliyomo katika fosfati, hung'ang'ania chembe za udongo, hivyo udongo unapohama, nayo huhama. Chini ya mtaa wetu kuna bwawa dogo ambalo watoto walikuwa wakivua samaki. Wiki chache baadaye maji yake yaligeuka kijani kizito, na alfajiri samaki walionekana wakihema juu ya maji, kwa sababu mwani, yaani vimea vidogo vya majini vinavyostawi kwa mbolea na kuyageuza maji kijani, hautengenezi oksijeni gizani, na bakteria wanaouozesha ule uliokufa hula oksijeni iliyobaki. Sisemi kwamba ni ua wangu peke yake uliofanya hivyo, maana nyua nyingi humwaga maji katika bwawa lile. Ninachosema ni kwamba sehemu yangu ilikuwemo, na niliwaona samaki hao kwa macho yangu. Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, watafiti wakiwa na David Schindler, mtaalamu wa maziwa, waligawa kwa pazia ziwa la majaribio linaloitwa namba 226, upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande uliopata fosforasi ndio uliogeuka kijani.

Mvua ziliendelea. Kufikia mwisho wa msimu, mstari wa rangi uliopakwa kwenye msingi wa nyumba, ambao zamani uligusana na ardhi, ulikuwa umeachana nayo kwa sentimita moja, na mahali pengine zaidi. Sentimita moja yaonekana kidogo. Katika mita za mraba 300 ni meta 3 za ujazo, yaani karibu tani 4 za udongo, na ule wa juu kabisa, wenye mboji na nyungunyungu. Ardhi huchukua miaka mingi, mara nyingi mamia, kujitengenezea sentimita kama hiyo. Sehemu ya udongo huo iliziba mtaro, maji yakapindukia kwa jirani wa chini na kumjazia tope sebuleni. Nilimlipa gharama zote kutoka kwenye akiba ya nyumba, na kuomba radhi mlangoni kwake nikiwa nimeshika koleo.

Hasara iliyoniuma kuliko zote ilikuja msimu uliofuata. Mizizi ya ule mti wa kivuli, ile myembamba inayokaa karibu na uso wa ardhi na kufyonza sehemu kubwa ya maji na chakula, ilikuwa imekatwa na jembe, na ile minene ikabaki nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Udongo ulipolowa na upepo ukavuma, mti uliinama kuelekea nyumba. Ilibidi ukatwe. Maji yakimwagika hayazoleki, na tani 4 za udongo zilizokwisha kupita mtaroni hazizoleki vilevile, lakini udongo angalau ninaujenga upya kidogokidogo. Kivuli kile sitakiona tena katika umri wangu.

Yule mtaalamu alirudi. Alitazama uharibifu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akapendekeza niagize kwake lori la udongo mpya na baadaye nisakafie sehemu iliyobaki ili «tatizo liishe». Hakutamka hata neno moja kwamba ndiye aliyeliandaa tatizo. Mtu akikosea kwa kutojua, nitamwelewa. Lakini mtu anayekula kwa kusafisha, akala kwa kuuza mbolea, akarudi kula kwa kuuza udongo badala ya ule aliouondoa, huyo simwelewi, na ninaomba wote wanaosoma hapa wajihadhari na kila anayeupima uzuri wa ua kwa jinsi ulivyo mtupu.

Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni moja: mvua isikute udongo uchi. Wapo watakaosema nimegeuka mtetezi wa takataka, na waseme, maana tangu hapo mtaro wangu unatoa maji meupe hata mvua inyesheje. Kanuni yenyewe si ugunduzi wangu. Katika miaka ya 1930 nyanda kubwa za Marekani zililimwa zikaachwa tupu, ukame ukaja, na upepo ukaubeba udongo mpaka miji ya mashariki. Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo wa huko, alikuwa amepiga kelele kwa miaka mingi kabla ya sheria ya kuhifadhi udongo kupitishwa Aprili 1935. Kule ulikuwa upepo, kwako itakuwa maji, lakini kosa ni lile lile la kuvua ardhi nguo zake.

Kwa vitendo, fanya hivi. Nyasi zipunguze tu, zibaki na kimo cha sentimita 7 au 8, wala usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, na vipande vilivyokatwa viache hapo hapo vioze, kwani vina naitrojeni ambayo usingehitaji kuinunua. Gugu usilolitaka likate usawa wa ardhi kabla halijatoa mbegu, mizizi ibaki imeushika udongo, labda liwe la aina inayochipua tena kutoka mizizini, ambalo utaling'oa moja moja na kulifunika shimo lake papo hapo. Majani makavu ndiyo matandazo yako: yatandaze yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10, yasigusane na shina la mti, kwa sababu gome linaloloa muda wote huoza. Yale yaliyo karibu kabisa na kuta yaondoe kama eneo lako hupata moto wa nyika, na yaliyomo mtaroni yazoe kabla ya mvua, maana nayo yakiloa hutoa fosforasi. Yaliyozidi tengenezea mboji. Hakuna sababu ya kuyachoma, kwani moshi wake una chembechembe laini zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na watakaouvuta ni wanao na majirani zako.

Kwenye mteremko, laza magogo au matawi kukingama mteremko, kamwe yasifuate mteremko wenyewe. Kama unaweza kupata vetiva, aina ya nyasi ndefu, panda mistari yake vivyo hivyo, miche ikaribiane. Mizizi yake hushuka meta 3 hata zaidi na haitambai kuvamia ua. Mimi nina mistari miwili, na nyuma ya kila mmoja udongo umejikusanya ukawa kama ngazi ndogo, bila jembe wala saruji.

Mbolea itakuja baadaye kabisa, mimea ikiwa imeshika na mvua kubwa zimepungua, tena kwa kiasi kidogo na baada ya udongo kupimwa. Udongo wa nyua nyingi tayari una fosforasi ya kutosha, na ile ya ziada ndiyo inayokwenda bwawani.

Umesema upande wa mashariki umekwisha kulimwa tangu juzi. Huo usiusubirishe mpaka mwisho wa wiki. Leo kabla ya magharibi uweke chochote ulicho nacho: majani, nyasi kavu, maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa na kulowanishwa, hata magunia yaliyobanwa kwa mawe. Kesho laza magogo, na mvua ya kwanza ikikatika, tembea hadi mwisho wa ua, ukinge kwa glasi maji yanayotoka, uyaangalie kwenye mwanga. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, rudi juu uongeze matandazo.