Mshale wa spidi kurukaruka na injini kusita kwenye Jimny

Kaka, kama mshale wa spidi unaruka na injini inasita kwa wakati mmoja, tena tangu uvuke mto, usikimbilie kununua pampu ya mafuta. Anza na umeme. Kwenye Suzuki Jimny ya JB43 (hiyo ni namba ya toleo) sensa ya mwendo, inayopima spidi ya gari, imefungwa kwenye transifa (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), palepale panapopigwa na tope. Chomoa soketi yake. Ukikuta unyevu au kutu ya kijani kwenye pini, puliza dawa ya kusafishia umeme, kausha vizuri, rudisha.

Kisha fungua nyaya za ethi (zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri) za injini na bodi, piga msasa, kaza. Hizo ndizo ninazozishuku zaidi, maana ethi mbovu huvuruga sensa kadhaa kwa mpigo. Ukishamaliza, washa injini, tikisa nyaya (mbali na feni!) usikilize kama mlio unabadilika.

Mashine ya kupimia gari ikisoma kodi ya hitilafu P0500, hiyo ni sakiti ya sensa ya mwendo. Si lazima sensa yenyewe iwe imekufa, ingawa muuza spea atakuapia. Spidi ikitulia lakini gari bado linasita ukikanyaga mafuta, geukia koili, plagi na sensa ya throto (inayosoma mlango wa hewa ya injini umefunguka kiasi gani).