Jibu: Mawazo ya kina Emerson bado yapo kwenye riwaya za Marekani?

Mkuu umeuliza kama lile wazo la kina Ralph Waldo Emerson, mwandishi na mwanafalsafa wa Marekani wa karne ya 19, kwamba nafsi ya mtu na ulimwengu ni kitu kimoja, bado lipo kwenye riwaya za Marekani au lilibaki karne ya 19. Lipo sana tu, ila limeingia kiza. Emerson kwenye kitabu chake Nature cha 1836 anasema akiwa porini anakuwa jicho linalopitisha nuru, yeye si kitu ila anaona vyote, yaani kwake kupotea ni raha tupu. Sasa kasome riwaya ya Housekeeping ya Marilynne Robinson, ya 1980. Kuna mama mdogo anaitwa Sylvie analea mabinti wawili wa marehemu dada yake, Ruth na Lucille, anapenda wale chakula cha jioni gizani, taa zimezimwa, usiku wa nje uingie mpaka jikoni, basi siku Lucille anawasha taa ghafla dirisha linakuwa jeusi na wanaanza kuona vyombo vilivyorundikana na pazia lililoungua nusu. Hapo ndo Emerson mwenyewe, ndani na nje havina mpaka, ila nyumba ndo inaliwa, mwishoni Sylvie na Ruth wanajaribu kuichoma wanavuka daraja la reli usiku wanakuwa wazururaji. Thoreau, mwandishi rafiki wa Emerson, alikaa peke yake msituni kando ya bwawa la Walden miaka miwili na ushee akarudi zake mjini, hawa hawarudi.

Riwaya nyingine ya Robinson, Gilead ya 2004, ni tulivu zaidi, mchungaji mzee anamwandikia mwanae, ila anza na Housekeeping, fupi halafu kali.