Usidanganywe na namba ya kukuza

Darubini yangu ya kwanza ya kuangalia shabaha niliinunua kwa kusoma namba tu. Iliandikwa 20-60x80, yaani inakuza mara 20 hadi 60 na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 80, na macho yangu hayakutoka kwenye ile 60. Siku ya kwanza uwanjani, jua la saa sita, shabaha iko mita 600, nikazungusha mpaka mwisho. Karatasi ikawa inacheza kama nguo iliyozama majini. Tundu hata moja sikuliona. Mzee aliyekuwa amelala mkeka wa pili akanyoosha mkono, akaishusha hadi 25. "Tazama sasa, kijana." Karatasi ikatulia.

Ukikuza shabaha unakuza na mazigazi, ile hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini ikitetema. Mwanga nao unapungua. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 80 kwa 60 unapata milimita 1.3 za mwanga unaoingia jichoni. 80 kwa 25 unapata 3.2. Kwa hiyo siku hizi nachagua lenzi safi inayokuza kiasi, na pesa inayobaki naiweka kwenye stendi ya miguu mitatu iliyo nzito. Stendi nyepesi ikipigwa na upepo, darubini ghali na ya bei poa zinalingana.

Halafu mazigazi yenyewe usiyachukie. Rudisha fokasi karibu kidogo kabla ya shabaha, uyaangalie yanakokimbilia: ndiko upepo unakoelekea. Yakipanda wima, ama hakuna upepo, ama unavuma sambamba na mstari wako wa kulenga.

Darubini ya bunduki ni habari nyingine, na huko ndiko nilikoumia zaidi. Niliipenda kwa kioo chake, kweli kilikuwa kizuri, lakini nikipanda mita 800 risasi zilipita chini kila mara. Nililaumu risasi, nikalaumu pumzi yangu. Mwishowe nikaifunga darubini peke yake kwenye stendi nzito, nikapima mita 100 kwa futi kamba, nikasimamisha ubao wenye mistari kila sentimita 10. Mili ni kipimo kidogo cha pembe; mili 1 kwa mita 100 ni sentimita 10, hivyo nikizungusha kinobu cha juu-chini kwa mili 10 alama ya msalaba ilipaswa kushuka mita nzima. Ilishuka sentimita 96. Ukihitaji mili 8 kwa mita 800, upungufu huo ni karibu robo mita. Jaribio zima halikula risasi hata moja, na ningelifanya wiki ya kwanza ningeokoa maboksi kadhaa.

Mili au MOA (dakika ya pembe, kipimo kingine cha pembe)? Yoyote, ila msalaba na kinobu vizungumze lugha moja. Nimewahi kuwa na msalaba wa mili na kinobu cha MOA (1 ni takriban sentimita 2.9 kwa mita 100), hesabu hiyo ukiwa umelala huku upepo unabadilika, utaikosea tu.

Na kabla hujalipa, ilenge kitu cha mbali, kisha usogeze kichwa kidogo juu na chini bila kuigusa darubini. Msalaba ukitambaa juu ya kile kitu, zungusha kinobu cha paralaksi (ndilo jina la kutambaa huko) mpaka utulie. Usipotulia kabisa, mrudishie muuzaji.