Spea ya mtandaoni ikiwa mbovu, ikatae mapema na kwa maandishi

Msomaji mmoja wa Mbale ameniandikia wiki hii. Alinunua pampu ya mafuta kupitia ukurasa wa spea, ikaja kwa basi, fundi akaifunga, na sasa gari linazima kila likipanda mlima. Muuzaji anamwambia spea ya umeme hairudishwi. Ananiuliza: "Kaka, hapa Uganda mteja ana haki yoyote kweli?"

Unayo, ndugu yangu. Mimi nimeidai yangu na pesa zimerudi zote, kwa hiyo nakujibu nikiwa na hakika.

Noah yangu ndiyo inayotulisha nyumbani. Inabeba abiria na mizigo kati ya Jinja na Malaba. Alterneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, ilipokufa, nilipata nyingine kwa mwenye duka wa Kampala anayetangaza mtandaoni. Tangazo lilisema: imetumika Japani, imepimwa, inachaji vizuri. Nikamuuliza tena kwa WhatsApp, akanijibu, "Inachaji, bosi, usiwe na wasiwasi." Nikatuma Sh 320,000 kwa mobile money.

Ilipofungwa, taa ya betri kwenye dashibodi haikuzimika. Fundi akaleta mita. Betri nzima injini ikiwa imezimwa husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka alterneta inatakiwa kuipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.5. Yangu ilisoma 12.1, na tulipowasha taa kubwa ikazidi kushuka. Yaani betri ndiyo iliyokuwa ikiliendesha gari peke yake.

Fundi wangu, mtu mwema kabisa, alichukua bisibisi aifungue abadilishe kaboni na regyuleta, kazi ya muda mfupi. Nikamzuia. Nikamwambia asiguse hata skrubu moja. Hapo ndipo kesi yangu ingeshindwa au kushinda, na nilishinda. Spea ikishafunguliwa, muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu, na utamjibu nini?

Tulipiga video: alterneta yenyewe na namba zake, waya zilivyofungwa, injini ikiunguruma, mita ikisoma. Fundi wa pili wa umeme wa magari, asiyenijua, akapima naye na kuniandikia karatasi yenye sahihi. Jioni ileile nikamwandikia muuzaji: "Naikataa alterneta hii kwa sababu haichaji kama ulivyotangaza. Nataka pesa zangu. Spea ipo, haijafunguliwa, niambie niirudishe kwa njia gani."

Alijibu kwamba fundi wangu ameichoma. Nilipomtumia video akasema nyinyi watu wa vijijini mnanunua msichokijua. Neno hilo bado linaniuma. Nimeendesha magari tangu ujana wangu, nimelipa pesa halali, halafu mtu ananitukana kwa sababu niko Jinja na yeye yuko mjini. Mwisho akanitumia picha ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Maandishi hayo yamewanyamazisha wengi. Lakini risiti ile ilikuja ndani ya boksi, pesa zikiwa zimeshalipwa. Tulikuwa tumeshapatana bei na sifa za kitu, na upande mmoja hauwezi kuongeza sharti baada ya mapatano. Zaidi ya hapo, tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, na anayeuza kama biashara anatakiwa kutoa kitu chenye ubora unaokubalika na kinachofaa kwa kazi yake. Spea iliyotumika haitegemewi ing'ae kama mpya. Lakini alterneta isiyochaji ni chuma tu.

Sheria hiyohiyo ina upande unaowabana wanunuzi. Una haki ya kukikagua kitu kinapokufikia, ila ukikaa nacho muda mrefu bila kukikataa unahesabiwa umekikubali. Haki ya kurudisha inakuponyoka, unabaki kudai fidia ya hasara tu. Kwa hiyo wewe wa Mbale, kama bado hujamwandikia muuzaji kwamba unaikataa pampu hiyo, mwandikie leo. Kupiga simu na kufoka hakuachi ushahidi.

Ujumbe wa simu ni maandishi halali, asikudanganye mtu. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi Sh 500,000 uwe wa maandishi, na inatambua ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inamtaka anayeuza mtandaoni aonyeshe jina lake, mahali alipo, simu yake, bei kamili na utaratibu wake wa kurudisha bidhaa. Ukurasa usio na hata anwani, usiutumie pesa. Mobile money hukuonyesha jina la mwenye namba. Lilinganishe na jina la duka, na meseji hiyo usiifute.

Kilichomwamsha muuzaji wangu ni barua. Mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi Sh milioni 10. Mawakili hawaruhusiwi kukusemea humo. Unasimama mwenyewe na karatasi zako. Kabla ya kufungua unampa mdaiwa barua ya madai na siku 14 za kulipa. Niliiandika kwa heshima, nikataja kiasi, tarehe, video na karatasi ya fundi, nikapeleka mwenyewe dukani Kampala na msaidizi wake akatia sahihi kwenye nakala yangu. Siku hazijaisha, simu ikalia: pesa zote, na nauli ya kuirudisha alterneta juu.

Kama muuzaji alichukua pesa akatoweka bila kutuma kitu, hilo ni la polisi, kwa sababu kujipatia pesa kwa uongo ni jinai. Na kama spea ni mpya lakini unashuku ni bandia, wapelekee taarifa UNBS, shirika la viwango, makao yao yako Bweyogerere. Pesa zako utaendelea kuzidai kwa muuzaji.

Madereva wenzangu, tumezoea kusema "acha tu, Mungu atanilipia", tukanunua nyingine. Muuzaji naye anaichukua ileile mbovu akamuuzie mwingine, labda breki, na gari lina watoto wa shule ndani. Anayenyamaza anamponza mwenzake. Dai chako, hata kama ni Sh 50,000.

Ndugu wa Mbale, usiruhusu pampu hiyo ifunguliwe. Fundi aiwekee geji ya presha ya mafuta mbele ya kamera, aandike alichokisoma na alichotegemea kusoma, atie sahihi. Kisha nenda mahakama ya hakimu hapo mjini umuulize karani wa madai madogo kama unaweza kufungulia Mbale, kwa kuwa pampu uliipokelea huko, au itakubidi uende alipo muuzaji. Barua yangu ya madai nitakutumia ubadilishe majina na kiasi.