Chipsi Zilizoniponza, na Namna Ninavyotafsiri Majina ya Viazi Leo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji anayeanza kazi ya kutafsiri vitabu vya mapishi. Aliniuliza ni kamusi gani ninayoitumia kwa majina ya viazi vya kukaanga, kwa sababu kila kitabu anachokifungua kinamchanganya zaidi ya kile cha kwanza. Jibu langu ni fupi: hakuna kamusi itakayokuokoa. Sababu yake ni ndefu, nayo inaanzia kwenye aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kitabu kilichoandikwa na Mmarekani. Katika ukurasa mmoja palikuwa na tambi zilizochanganywa na samaki jodari, ambazo juu yake hunyunyizwa “chips” zilizopondwa kabla ya bakuli kuingizwa kwenye oveni. Nikaandika, kwa kujiamini kabisa, “chipsi zilizopondwa”. Mpishi aliyepewa kazi ya kuyajaribu mapishi yale alinifuata neno kwa neno: akakata viazi, akavikaanga, akaviponda kwa mwiko na kuvitandaza juu ya tambi. Pale palipotakiwa kuwa na ukoko mkavu unaovunjika kwa mlio mdomoni, palitokea rojo juu ya rojo, lenye utando wa mafuta unaong'aa. Mhariri alinitumia picha yake bila hata salamu. Sura zilizobaki alipewa mtu mwingine, na kitabu kilipotoka jina langu halikuwamo. Sikatai kwamba nilikosea, ila mpaka leo naamini kwamba simu moja ya kuniuliza ingetosha.

Mwandishi yule alikuwa akizungumzia vile vipande vyembamba vya kwenye pakiti, ambavyo Mwingereza huviita “crisps” na sisi tukaviita krispi. Kwa Mmarekani hizo ndizo “chips”, na vile virefu vya moto ni “French fries”. Kwa Mwingereza “chips” ni vile vinene vya moto vinavyoliwa na samaki. Waaustralia hutumia neno hilohilo kwa vyote viwili, na wakitaka kutofautisha husema “hot chips”. Usidhani Kiingereza peke yake ndicho chenye matata. Ufaransa na Ujerumani “chips” ni za pakiti, lakini za moto Mfaransa huziita “frites” na Mjerumani “Pommes”, neno lililokatwa kutoka “pommes frites”, ingawa ukimtajia Mfaransa “pommes” peke yake atakuletea matofaa. Uholanzi ya kaskazini husema “patat” na ya kusini “friet”. Ukivuka mpaka ukaingia Flanders, huko Ubelgiji, “patat” ni kiazi chenyewe, hata kama bado kina udongo. Hata siasa huingiza mkono: mwaka 2003, Ufaransa ilipopinga vita vya Iraq, migahawa ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilizibandika chipsi jina la “freedom fries”, na kufikia 2006 jina la zamani lilikuwa limerudi kimyakimya.

Kwa hiyo, ndugu yangu, liache jina kwanza, uulize habari za kisu na mafuta. Kiazi kimekatwa, au kimekwaruzwa? Kimezamishwa katika mafuta, au kimelazwa kikaangoni? Rösti ya Uswisi na latke ya Wayahudi zote hutokana na kiazi kilichokwaruzwa, lakini rösti hugandamizwa kikaangoni ikawa duara moja kubwa, kwa kawaida bila yai, ilhali latke huchanganywa na yai na kitunguu, ikakaangwa vipande vidogovidogo. Ukiziita zote mbili “chapati za viazi” umemdanganya msomaji mara mbili. “Frites” za Ubelgiji nazo hukaangwa mara mbili, kwanza katika mafuta ya joto la wastani mpaka ziive bila kubadilika rangi, kisha, baada ya kupumzishwa, katika mafuta makali zaidi ili zikauke nje. Hatua hiyo haimo katika jina lake, na mfasiri mvivu huipitia kana kwamba mwandishi amejirudia. Nasema mvivu kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Vijana wengi siku hizi wanataka neno la haraka ili wawahi ukurasa unaofuata, na ukiwaambia waulize, wanaona wanajidhalilisha. Ulizeni! Kabla ya yote, ulizeni mwandishi ni mtu wa wapi.

Mwaka huu mhariri yuleyule amenirudia, akiwa na mapishi ya Kihispania na bila kuigusa habari ya tambi. Nami sikuigusa. Katika kurasa za mwanzo nilikuta “tortilla”, ambayo kwa Mmeksiko ni mkate mwembamba wa mahindi au ngano, na kwa Mhispania ni kimanda kinene cha viazi vilivyokaangwa polepole katika mafuta ya zeituni. Nilimwandikia swali moja tu: mwandishi ni wa wapi? Akajibu kwa neno moja, Madrid, nami nikaandika kimanda.