Analia akilazwa kifudifudi, anatulia kwenye woka: nimnunulie?

SWALI: Habari mtaalamu. Mwanangu ana miezi 7, anakaa mwenyewe kidogo halafu anaanguka pembeni. Nikimlaza kifudifudi acheze analia mpaka nambeba. Jirani ana woka, kile kiti cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea, akiwekwa mle anatulia na anachekacheka, na jirani anasema wanawe walitembea mapema kwa sababu ya hiyo. Nataka mtoto acheze kwa raha, siyo kulia tu. Ninunue? Na yale mafuta ya kuimarisha miguu yanayouzwa mitandaoni yanasaidia?

JIBU: Dada, woka usinunue, na hayo mafuta achana nayo. Nimeanza na jibu kabisa maana swali hili naletewa kila mara, na wengi wanaoniuliza huwa washalipa tayari.

Kuanguka pembeni kwa miezi 7 sio tatizo. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vinaonyesha watoto wenye afya huanza kukaa bila kushikwa wakati wowote kati ya karibu miezi 4 na miezi 9, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18. Nafasi ni pana hivyo. Kwa hiyo jirani hakudanganyi, wanawe walitembea mapema kweli, ila hata bila woka wangetembea tu.

Sasa kinachoniumiza kichwa ni hii imani kwamba mtoto akitulia basi yuko kwenye raha inayomkuza. Kwenye woka ametulia kwa sababu kazi yote anafanyiwa, yaani kiti kimembeba nyonga, mgongo umeegemezwa, yeye anasukuma tu kwa vidole vya miguu na kitu kinateleza, hajifunzi kubeba uzito wake, hajifunzi kuyumba na kujirudisha, hata miguu yake haioni vizuri kwa sababu ya ile sahani ya mbele. Kutembea ni balansi kwanza kabla ya nguvu za miguu, na balansi ndo kitu pekee ambacho woka haimwachii kukitafuta. Tafiti hazijaonyesha kwamba inaharakisha kutembea, na kuna zilizoonyesha inachelewesha. Halafu ile kitu inakimbia, karibu mita 1 kwa sekunde, sasa wewe umegeuka tu na mtoto kashafika kwenye ngazi, au kashavuta kitambaa cha meza chenye chai ya moto juu. Wazazi wengi wa watoto walioumia walikuwa nao chumba kimoja, wanawaangalia kabisa! Canada ilipiga marufuku kuuza hivi vitu mwaka 2004, sio kwa kupenda makuu.

Tuje kwa kilio chake. Mtoto analia kifudifudi mara nyingi kwa sababu mkao wenyewe unamuumiza au umemchosha, na hapo ndo raha inapotakiwa kutafutwa. Angalia muda: usimlaze ametoka kunyonya sasa hivi, tumbo likiwa limejaa linabanwa na atacheua, na usingoje mpaka awe na usingizi au nepi imelowa. Sehemu iwe chini, imara, mkeka au blanketi iliyotandikwa vizuri, godoro laini hapana, anazama na mikono inakosa pa kusukumia, na ni hatari kwa pumzi yake. Mvue soksi na suruali nzito, magoti na nyayo zikigusa sakafu zinashika, zikiwa kwenye kitambaa zinateleza na yeye anakata tamaa. Kunja taulo iwe kama mto mwembamba, ipite chini ya kifua, mikono yake ije mbele ya taulo, hapo kichwa kinakuwa chepesi kuinua. Na wewe shuka chini ulale naye uso kwa uso, nusu ya kilio cha kifudifudi ni kwamba haoni sura ya mtu, anaona sakafu. Akikataa bado, lala chali umlaze juu ya kifua chako, hiyo nayo inahesabika.

Dakika 1 au 2 zinatosha kwa kuanzia, akianza kunung'unika mgeuze kabla hajalia kabisa, mrudishe baadaye. Kwa ambao hawajaanza kutambaa au kujisogeza wenyewe pendekezo ni angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa gawanywa, akiwa macho na wewe upo. Kulala usingizi ni chali, hilo halibadiliki.

Na kwa kuwa tumefika hapa, sio woka peke yake. Viti vya kumkalisha mtoto ambaye hajaweza kukaa, vya kuning'inia mlangoni arukeruke, kuzungushiwa mito pande zote, ni ugonjwa mmoja, mtoto anahamishwa kiti hadi kiti siku nzima halafu mtu ananiuliza mbona hatambai. Asifungwe sehemu moja zaidi ya saa 1 mfululizo.

Hao wauza mafuta, viatu vya kusimamia na kozi za mtoto atembee ndani ya wiki, jamani, hakuna mafuta yanayopenya ngozi yakajenga misuli. Kumkanda taratibu ni kuzuri kwa ukaribu wenu, ila anayemvuta na kumnyoosha viungo kwa nguvu akidai anamfungua miguu, mnyang'anye mtoto. Wanachovuna hawa ni mtoto ambaye angetembea tu mwezi ujao, akitembea wanapiga picha na kuandika matokeo. Na yule mwenye shida ya kweli anapoteza miezi ya matibabu akipakwa mafuta.

Shida ya kweli inafanana na hivi: mwili umelegea sana au umekakamaa, anatumia mkono mmoja tu wakati huu wa uchanga, miezi 9 imeisha hakai kabisa, miezi 18 hatembei, au alichokuwa anaweza amekiacha. Ukiona mojawapo nenda kliniki wiki hiyohiyo.

Na kama woka ishaingia ndani, usiigawe kwa mwingine. Ing'oe magurudumu, uivunje, ndo uitupe.